Matunda ya kufungwa kwa uzi: tathmini ya kozi za kuwalea waongofu wapya

Ukitaka kujua haraka kama kozi ya waongofu wapya inafaa, usianze na somo la kwanza. Tafuta kwanza Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, yuko wapi. Katika vijitabu vingi yumo, lakini kwa ule ufupi wake na ule mkuyu wake tu. Somo linaishia pale anaposhuka mtini na kumkaribisha Yesu nyumbani. Maneno aliyoyatamka mwenyewe, kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne (Luka 19:8), yanapitwa kana kwamba ni pambo la hadithi. Kozi inayompita Zakayo hivyo, karibu kila mara itakuwa dhaifu popote pale toba inapotakiwa kuonekana: mfukoni, kinywani, na kwenye daftari la madeni.

Tunazipima hapa aina 5 za mafunzo: kijitabu cha kujaza nafasi, chenye masomo 6 hadi 12; darasa la ubatizo la kanisani; ulezi wa mtu na mtu; katekisimu za kale, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, ambazo bado zina watumiaji; na programu za simu. Wachapishaji hatuwataji, maana kasoro zao zinafanana kupita mipaka ya madhehebu, na nembo ya jaladani haisaidii kubashiri lolote. Kipimo ni kimoja. Mtu aliyeongoka kweli, akimaliza somo, je, anajua afanye nini, kwa utaratibu gani, na kwa sababu ipi? Ndilo swali makutano walilomwuliza Yohana Mbatizaji alipowaambia watoe matunda yapatanayo na toba: tufanye nini basi? Hakuwajibu kwa hotuba. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa. Askari asidhulumu, asisingizie watu, atosheke na mshahara wake (Luka 3:10–14). Majibu matatu, kila moja limekatwa kwa kipimo cha kazi ya aliyeuliza. Ni vijitabu vichache mno vinavyomfikia Yohana hapo. Vingi vinamwandikia mwongofu asiye na kazi, asiye na mwajiri wala mdeni.

Mti kwanza

Kosa la mpangilio ndilo linaloharibu kozi nyingi, na lina sura mbili. Kuna kozi inayokwisha kwenye sala ya toba: somo la 1 dhambi, la 2 msalaba, la 3 uhakika wa wokovu, kisha cheti. Hiyo imeacha mti umesimama bila kumwambia mtu kwamba mti huzaa. Ya pili inaanza na orodha wiki ya kwanza: usivae hiki, usiende kule, usisikilize ile. Hiyo inafunga matunda kwa uzi kwenye mti ambao huenda hata haujaota mizizi. Kwa mbali yanapendeza. Baada ya miezi michache mwongofu anaijua lugha ya kanisani, anajua lini aseme amina, na amejifunza kuficha. Sababu ni nyepesi kuiona: orodha za namna hiyo hukusanya mambo yanayokaguliwa kwa macho, kama mavazi na mahudhurio. Deni halikaguliwi kwa macho, wala chuki dhidi ya ndugu, wala mshahara wa msaidizi wa nyumbani ambao haujalipwa.

Hapa katekisimu za kale zinavipita vijitabu vya kisasa kwa mbali. Ile ya Heidelberg ya mwaka 1563, yenye maswali 129 yaliyogawanywa kwa Jumapili 52, ina sehemu tatu: taabu ya mwanadamu, ukombozi wake, na shukrani. Amri Kumi na Sala ya Bwana zimewekwa katika sehemu ya tatu. Msomaji anakutana na "usiibe" akiwa tayari ameambiwa kwamba deni lake limelipwa. Anaitii kama mtu anayeshukuru. Mpangilio huo peke yake unafundisha mambo ambayo mwalimu wa kawaida angehitaji saa nzima kuyaeleza. Luther naye, katika andiko lake la mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, aliliweka jambo hilo kwa ufupi: matendo mema hayamfanyi mtu kuwa mwema, bali mtu mwema hutenda matendo mema. Kozi yoyote inayomnukuu Paulo kwenye Waefeso 2:8–9 ikakata kabla ya mstari wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema, imekata mahali pabaya.

Udhaifu wa katekisimu ni kwamba zimeandikwa kwa ajili ya kukariri. Mtu anaweza kujibu maswali yote 129 bila kumrudishia jirani jembe lake. Zinahitaji mlezi wa kuuliza: na wewe je?

Somo la kurudisha

Hili ndilo somo tulilolipima kwa kina zaidi, kwa sababu ndilo linaloachwa mara nyingi na ndilo linaloumiza watu likifundishwa ovyo. Wengine huliita kutengeneza, wengine kurejesha. Kozi nzuri huliweka katikati: baada ya uhakika wa wokovu, kabla ya ubatizo au sambamba na maandalizi yake. Likitangulia uhakika wa wokovu, mwongofu huliona kuwa bei ya kuingilia.

Hesabu kwanza, maana walimu wengi huzichanganya. Torati haina kiwango kimoja. Aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamwuza alilipa 5 kwa mmoja, na kondoo 4 kwa mmoja (Kutoka 22:1). Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, alilipa mara mbili (22:4). Lakini aliyeungama mwenyewe alirudisha kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6–7, Walawi 6:1–5). Yaani aliyechukua 50,000 akaungama, alirudisha 60,000. Zakayo basi, akiungama bila kushikwa, alijihukumu kwa kiwango cha mwizi wa kondoo. Huo ni moyo uliofurika. Kijitabu kinachougeuza kuwa kanuni ya lazima kwa kila mwongofu kimekosea, na kosa lake lina matokeo: mtu anapiga hesabu ya mara nne, anaona hataweza hata akifanya kazi miaka kumi, anakata tamaa, na mwisho hata lile deni lenyewe halirudishi. Rudisha chote kwanza. Nyongeza iache iwe ya hiari.

Utaratibu tunaoupendekeza, na ambao kozi bora chache zinaukaribia, unaanza na karatasi yenye safu nne: nani, nini, kiasi gani, anapatikana wapi. Inaandikwa faraghani katika maombi, kwa siku kadhaa, wala haisomwi mbele ya darasa. Mlezi anaoneshwa tu yale yanayohitaji ushauri. Karatasi ikikamilika, inapangwa upya kwa uzito wa aliyedhulumiwa, na wa kwanza ni mwenye ujira wake. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Kama mwongofu ana mshahara wa mtu aliouzuia, huo unalipwa kabla ya kitu kingine chochote, na kabla ya sadaka ya shukrani. Hapa kozi kadhaa zinakwepa kwa aibu. Zinafundisha zaka kwenye somo la 4 na kurudisha hazilifundishi kabisa, hivyo mwongofu anatoa fungu la kumi la fedha ambazo si zake.

Baada ya hapo kila mstari wa karatasi unatendewa kivyake. Kitu kikiwapo bado, kirudi chenyewe, kisiuzwe ili kipelekwe pesa. Kikiwa kimetumika, irudi thamani yake. Mwongofu asipokuwa na uwezo, anakwenda kwa mwenye mali, anakiri, na wanakubaliana kwa maandishi kiasi na tarehe za awamu, hana ruhusa ya kujisamehe deni kwa kuwa "ya kale yamepita." Mstari huo wa 2 Wakorintho 5:17 ndio unaotumiwa vibaya kuliko yote katika somo hili. Paulo aliyeuandika ndiye huyo huyo aliyemwandikia Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo kwamba kama amekudhulumu au unamwia kitu, ukihesabu juu yangu, nitalipa. Deni la mtu aliyeongoka lilihesabiwa kuwa bado ni deni.

Mwenye mali akiwa amekufa, wanatafutwa warithi. Asipopatikana jamaa yeyote, Hesabu 5:8 inasema malipo yawe ya BWANA, apewe kuhani. Somo likiruka hatua ya warithi na kusema "toa kanisani", lina mgongano wa maslahi, na tunalipunguzia alama bila kusita. Afadhali fedha hizo ziende kwa wahitaji, mbele ya shahidi wa pili.

Kodi iliyokwepwa inalipwa kwa mamlaka ya kodi kwa njia yake ya kawaida. Mali ya mwajiri inarudishwa kwa mwajiri, hata kama "wote wanachukua." Cheti cha kughushi kilichompatia mtu kazi ni mfupa mgumu, na vijitabu karibu vyote vinapita kimya. Kwa ufahamu wetu hakuna njia ya kulitengeneza jambo hilo bila kusema kweli kwa mwajiri, na mlezi hapaswi kuahidi kwamba kazi itabaki. Palipo na kosa la jinai, mwongofu apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kwenda kuungama; mchungaji si wakili, na shauku ya wiki ya kwanza si mshauri mzuri. Kumtafutia ushauri si kumsaidia kukwepa. Ni kumwezesha asimame imara siku atakapokiri.

Sasa upande wa hatari. Kanuni nzuri ni kwamba ungamo lisivuke mpaka wa kosa. Lililotendwa dhidi ya Mungu peke yake liungamwe kwake. Lililotendwa dhidi ya mtu, kwake huyo mtu. Lililotendwa hadharani, hadharani. Kozi zinazowasimamisha waongofu mbele ya kanisa wataje uzinzi wao zinavunja nyumba za watu ambao hawakutubu chochote wala kuombwa ruhusa. Jina la mtu wa pili halitajwi. Barua kwa mume au mke haiandikwi usiku ule ule wa ibada. Jambo hilo linahitaji mlezi mzoefu na muda. Na aliyepigwa au kunajisiwa hatumwi kamwe kwenda "kupatana" ana kwa ana na aliyemtenda. Mathayo 5:23–24 inamtuma anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Tumeona masomo yanayompindua mwathirika kuwa ndiye anayepaswa kutoka aende. Hilo peke yake linatosha kukiweka kijitabu kando.

Vya kuchomwa na vya kurudishwa

Matendo 19:19 hutajwa karibu na kurudisha, lakini ni tendo lingine. Waefeso walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Kama vipande hivyo ni drakma, sarafu ya fedha ya Kigiriki, kila kimoja kilikaribia ujira wa siku moja wa kibarua. Wangeweza kuviuza na kuleta fedha kanisani. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa kinachodhuru hakipozwi kwa kubadilisha mmiliki. Cha mwenyewe kinarudi kwa mwenyewe, na kinachodhuru kinaharibiwa.

Kijitabu kinachofundisha tendo hili bila tahadhari mbili kitaleta madhara. Kwanza, andiko linasema vitabu vyao: mwongofu hana mamlaka ya kuchoma vitu vya wazazi wake wala vya mwenzi wake asiyeamini. Pili, dawa za hospitali hazihusiki. Mafunzo yanayochanganya hirizi na vidonge vya presha, kisukari au virusi vya UKIMWI katika kikapu kimoja yanaweza kuua, na kozi ambayo haisemi wazi kwamba dawa ziendelee tunaihesabu pungufu hata kama mengine yote yamo.

Ubatizo

Darasa la ubatizo ndiyo huduma inayotofautiana zaidi kutoka kanisa hadi kanisa, kuanzia alasiri moja hadi mwaka mzima. Pande zote mbili zina ushahidi. Katika Matendo, watu wapatao 3,000 waliongezeka siku moja (2:41). Towashi alibatizwa njiani. Mlinzi wa gereza wa Filipi alibatizwa saa ile ile ya usiku. Upande mwingine, utaratibu wa kale unaojulikana kama Mapokeo ya Mitume, ambao kwa kawaida huhusishwa na Hippolytus wa Roma, uliweka miaka 3 ya kusikiliza neno, huku ukiruhusu mwenye bidii apokelewe mapema, kwa kuwa kinachohukumiwa ni mwenendo na si muda. Kabla ya kubatizwa waliulizwa kuhusu maisha yao: je, waliwaheshimu wajane, waliwatembelea wagonjwa, walitenda mema? Mtihani wa kukariri haukuwamo katika maswali hayo. Kanisa Katoliki lilirudisha ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, wa watu wazima kwa hatua mwaka 1972, na kati ya mifumo ya muda mrefu huo ndio uliopangwa vizuri zaidi, hasa kwa kuwa una kipindi cha mafundisho baada ya ubatizo, ambacho madarasa mengine husahau.

Kuhusu yule mlinzi wa gereza, darasa zuri humwonesha mwanafunzi mfuatano wa Matendo 16:33: aliwaosha mapigo yao, kisha akabatizwa. Majeraha aliyoyaosha ni ya watu waliokuwa wamefungwa chini ya ulinzi wake, na usiku ule ule.

Hukumu yetu ni kwamba wiki 6 hadi 8 zinatosha kwa mtu mzima mwenye mlezi, na kwamba mwaka mzima bila mlezi ni kusubiri tu. Swali la mwisho kabla ya maji liwe la mwenendo, na liulizwe faraghani.

Upande wa utekelezaji, madarasa mengi hayamwandai mtu kimwili. Kwa wanaozamisha: maji yafike kiunoni mwa mtu wa kimo cha kawaida, pungufu ya hapo mbatizaji anainua uzito wote kwa mgongo. Mbatizwa akunje magoti na kulala nyuma, asijirushe. Mkono mmoja ashike pua, na wa pili ushike mkono ule wa kwanza. Nguo ziwe nzito na za rangi iliyokolea, maana nyeupe nyepesi ikilowa huonesha mwili. Mwenye kifafa, mjamzito au mgonjwa wa moyo ajulikane mapema, na msaidizi wa pili awe ndani ya maji. Kipaza sauti cha waya kisikaribie birika. Kwa wanaomwagia, wana hati ya zamani sana: Didake, sura ya 7, inapendelea maji yanayotiririka, inaruhusu mengine yakikosekana, baridi au ya moto, na yakikosekana yote inaagiza kumwaga kichwani mara tatu. Hati hiyo inamtaka mbatizwa afunge siku moja au mbili kabla.

Kufunga, kuomba, kusoma

Kufunga kunafundishwa vibaya kwa njia moja inayojirudia: mwongofu wa wiki mbili anapewa siku 3 bila maji. Aanze na mlo mmoja, kisha alfajiri hadi jioni, maji yakiruhusiwa. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba au anayenyonyesha asifunge chakula bila ushauri wa mtaalamu wa afya, na anayetumia dawa za kila siku asizikatishe. Ana vitu vingine vingi vya kujinyima. Kozi bora huweka Isaya 58:6–7 ndani ya somo hilo hilo, ili muda na chakula kilichookolewa kimfikie mwenye njaa. Bila hiyo, kufunga hugeuka kuwa mashindano ya siku.

Maombi na usomaji wa Biblia ndiyo masomo yanayofanywa vizuri na karibu kila mtu, kwa hiyo hatutakaa hapo. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku, humalizika katika wiki mbili na ushei. Mpango wa mwaka mzima unaoanza Mwanzo huwaangusha wengi wakifika Walawi. Didake inaagiza Sala ya Bwana mara tatu kwa siku, ratiba ambayo mtu mwenye kazi anaiweza.

Programu za simu zina faida ya kukumbusha, na sauti husaidia asiyesoma vizuri. Kasoro yake ni ile hesabu ya siku mfululizo na kitufe cha kuwatangazia marafiki. Mathayo 6 inataja sadaka, sala na kufunga, na mara zote tatu inaagiza siri. Programu inayompongeza mtu hadharani kwa kuomba siku 40 inafanya kinyume kabisa cha andiko inalolionesha kwenye skrini. Zima taarifa hizo, utumie kilichobaki.

Fedha na mavazi

Somo la utoaji lipimwe kwa kinachotangulia. 1 Wakorintho 16:2 ina utaratibu kamili ndani ya mstari mmoja: siku ya kwanza ya juma, kila mtu, aweke akiba, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. 2 Wakorintho 9:7 inaongeza: si kwa huzuni wala kwa lazima. Kozi zinazohitaji stakabadhi ya zaka kabla ya kubatizwa zimetoka nje ya mistari hiyo yote miwili. Waefeso 4:28 ingefaa kuwa kichwa cha somo: mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Wengi huishia kwenye kuacha kuiba. Paulo hakuona kuwa wizi umekwisha mpaka ile mikono imeanza kutoa.

Mavazi yanachukua kurasa nyingi kuliko uzito wake. Maandiko yanayotajwa ni 1 Timotheo 2:9–10 na 1 Petro 3:3–4, na yote mawili yana upande wa pili ambao vijitabu hukata: matendo mema kwa Timotheo, roho ya upole na utulivu kwa Petro. Aya mbili zinatosha: adabu, na kuacha fahari ya gharama. Tena ziandikwe kwa wanaume pia. Kijitabu chenye mchoro wa sketi na kisicho na neno juu ya rushwa kimejieleza chenyewe. Wakolosai 2:20–23 inaonya kwamba amri za usishike, usionje, usiguse zina sura ya hekima lakini hazina nguvu ya kuzuia tamaa za mwili.

Kipi kichukuliwe

Ulezi wa mtu na mtu, wenye kijitabu kifupi mkononi, unashinda aina nyingine zote kwenye matendo ya nje, kwa sababu kuna mtu wa kuuliza wiki ijayo kama barua ilipelekwa. Udhaifu wake ni mlezi mmoja kuwa mtawala. Dawa yake ni kundi dogo: madarasa ya John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, yaliyoanza Bristol, Uingereza, mwaka 1742, yalikuwa na watu wapatao 12 kila moja, na Kanuni za Jumla za mwaka 1743 ziliwapa mambo matatu ya kuulizana: kuepuka kudhuru, kutenda mema, kushika njia za neema kama sala, Neno na meza ya Bwana. Sharti pekee la kuingia lilikuwa shauku ya kuikimbia ghadhabu inayokuja na kuokolewa na dhambi; maisha yaliulizwa baada ya kuingia. Mzani huo ni mgumu kuupata kwenye vijitabu vya leo.

Kanisa lenye bajeti ndogo lichukue kijitabu cha masomo 8, likate ukurasa wa marufuku, na libandike mahali pake karatasi ya safu nne. Mpangilio: uhakika wa wokovu, Neno na sala, kurudisha, ubatizo, ushirika na meza ya Bwana, utoaji, kazi na nyumba, ushuhuda. Ushuhuda uwe wa mwisho kwa makusudi, maana jirani ambaye hajarudishiwa jembe lake hasikilizi ushuhuda. Somo la kazi na nyumba liandikwe upya kwa kila kundi: mwenye duka apate la mizani, dereva la faini na rushwa barabarani, mwalimu la mitihani, mwajiri la mishahara. Mwenye mke asiyeamini asomewe 1 Wakorintho 7:12, asije akadhani wokovu umempa ruhusa ya kumwacha.

Wiki ya 8 isiwe ya vyeti. Ile karatasi ya safu nne inafunguliwa tena, mlezi na mlelewa peke yao, na kila mstari uliokamilika unakatwa kwa kalamu. Iliyobaki inapewa tarehe mpya, na karatasi inabaki kwa mwenyewe. Mstari wa mwisho ukikatwa, ichomwe.